Siku ya makorongo Karijini: mwongozo kamili kwa mpiga kambi

Kila Julai, shule za Australia Magharibi zikifungwa, familia nyingi za Waswahili wa Perth hupakia magari na kuelekea kaskazini, Hifadhi ya Taifa ya Karijini. Wakirudi, wengi wananisimulia kisa kile kile. Walipanga makorongo matano kwa siku moja. La kwanza walifika saa tano jua limeshapanda, la pili waliingia jua limeshahama, maji yakawatetemesha, mtoto akateleza, na matatu yaliyobaki waliyatazama kutoka juu ya ukingo. Wengine walirudi kambini gizani na goti lililovimba.

Kosa halikuwa la miguu yao. Lilikuwa la ratiba. Makorongo ya Karijini ni membamba na yana kina cha hadi mita 100, kwa hiyo jua linafika chini kwa saa chache tu, na kila korongo lina saa zake. Ukizifuata, makorongo mawili yanakujaza siku nzima na unalala umeridhika. Ukizipuuza, hata moja linakushinda.

Kwa hiyo hapa nakupa siku ya makorongo mawili: Dales asubuhi, Hancock mchana. Nimeipitia njia hii na watu wa umri mbalimbali, na kila ninapoibadilisha naishia kurudi kwenye mpangilio huu huu.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa mbili asubuhi ni 8:00 kwenye simu yako.

## Vifaa, kabla ya yote

Karijini iko eneo la Pilbara, kama kilomita 1,400 kutoka Perth. Duka la kweli na kituo cha mafuta utavipata kwenye miji ya Tom Price au Newman, si ndani ya hifadhi. Ulichosahau kimesahaulika.

Miguuni. Viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli ya mpira laini unaong'ang'ania mwamba, na ambavyo hujali vikilowa. Raba za zamani zenye soli nzima zinatosha. Ndala na sandali ziache kwenye hema. Miamba ya huku ni tabaka za chuma na mawe zenye umri wa karibu miaka bilioni 2.5, na maji yameisugua mpaka ikawa laini kama sakafu ya terazo. Ikilowa, soli ngumu haishiki chochote. Buti nzito za mlimani nazo hazifai Hancock: zikijaa maji zinakuvuta.

Maji ya kunywa. Lita 3 hadi 4 kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya kupikia. Weka dumu la lita 20 kwenye gari. Maji ya vidimbwi yanapendeza macho, lakini usiyanywe.

Mkoba wa mgongoni mmoja kwa watu wawili, wenye mikanda miwili. Usibebe chochote mkononi, kwa sababu mikono yote utaihitaji kushikia mwamba. Ndani yake weka mfuko usiopitisha maji, na ndani ya mfuko huo: fulana kavu na sweta kwa kila mtu, taulo dogo, simu, funguo za gari.

Mavazi ya majini. Fulana ya mikono mirefu inayobana mwili na kaptura isiyonyonya maji. Jinzi hapana kabisa. Mwenye suti ya mpira ya kuogelea aje nayo, asione haya kuivaa. Wadada wanaovaa hijabu wachague ya kitambaa chepesi cha kuogelea, yenye kubana kichwani, kwa sababu mtandio uliolowa huwa mzito na hukwama kwenye miamba.

Huduma ya kwanza. Bendeji mbili pana za kuvutika, plasta, dawa ya maumivu, filimbi, blanketi jembamba la kuhifadhi joto. Bendeji ndizo za lazima. Nitaeleza kwa nini.

Tochi ya kichwani kwa kila mtu, hata kama umepanga kurudi mchana.

Kifaa cha dharura cha setilaiti. Ni kile kidogo kinachotuma ishara kwa masafa ya 406 MHz. Sehemu kubwa ya hifadhi haina mtandao wa simu, na ndani ya korongo hakuna kabisa. Ukinunua, kisajili kwa mamlaka ya usalama wa bahari ya Australia, AMSA. Kusajili ni bure. Ukishindwa kununua, azima au kodisha. Familia tatu zinaweza kuchangia kimoja.

Chakula. Cha kutembea nacho kiwe kikavu na chenye nguvu: chapati za jana zilizokunjwa, karanga, tende, maandazi. Kambini tumia jiko la gesi tu, kwa kuwa moto wa kuni hauruhusiwi Karijini. Na chupa ya chai. Utaiona thamani yake saa tisa alasiri.

## Hatua ya 1: Chagua siku, si tarehe

Nenda kati ya Mei na Agosti. Mchana joto huwa nyuzi ishirini na kitu, na usiku huwa baridi ya kuvaa soksi mbili. Kuanzia Desemba hadi Machi joto hupita nyuzi 40, na mvua za vimbunga huja bila kubisha hodi.

Jioni kabla ya matembezi, au mahali pa mwisho ulipopata mtandao, angalia mambo mawili: utabiri wa idara ya hali ya hewa ya Australia, Bureau of Meteorology, kwa eneo zima la Pilbara ya ndani, na tangazo la hifadhi kuhusu njia zilizofungwa. Njia hufungwa kweli. Ile ya kushukia Circular Pool, kidimbwi cha mwisho mmoja wa Dales, imewahi kufungwa kwa sababu ya miamba kuporomoka.

Kwa nini utabiri wa eneo zima? Kwa sababu mvua inayokuua si lazima ikunyeshee wewe. Inanyesha mbali, kwenye nyanda za juu, nawe uko chini kwenye jua huna habari. Wakenya hawahitaji kuelezwa sana. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwakuta watalii ndani ya korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, na watu saba wakafariki. Hancock ni jembamba kuliko sehemu nyingi za korongo lile.

Onyo. Ukiona utabiri wa mvua, hata ya manyunyu, futa Hancock. Siyo uisogeze mbele kwa saa mbili, ifute. Baki juu, tembea kandokando ya ukingo wa Dales, siku itakuwa nzuri vilevile.

Umefaulu ikiwa unalala ukijua utabiri ni mkavu kwa siku mbili na njia zote mbili ziko wazi.

## Hatua ya 2: Panga usiku, ondoka na mwanga

Mpango huu unadhani umepiga kambi Dales. Kambi yenyewe haina umeme wala bafu, ina vyoo vya shimo, na nafasi hukatwa mtandaoni mapema. Julai huisha wiki nyingi kabla.

Julai jua huchomoza karibu saa moja kasoro robo na kuzama kama saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Una mwanga wa saa kumi na moja hivi, na huwezi kuuongeza.

Usiku jaza chupa, funga mkoba, weka viatu ndani ya hema. Pika uji wa asubuhi ukae kwenye chupa ya moto. Wanaopika asubuhi ndio wanaoondoka saa tatu, nimewangoja wengi.

Halafu mwandikie jirani wa hema kikaratasi: mnaenda wapi, wangapi, gari gani, mtarudi saa ngapi, na afanye nini msiporudi. Jirani, siyo ndugu yako wa Perth. Ndugu wa Perth hatajua kama gari lako limerudi.

## Hatua ya 3: Dales, saa moja na nusu hadi saa nne

Kutoka kambini hadi maegesho ya Fortescue Falls ni mwendo mfupi. Kutoka maegesho kwenda kwenye maporomoko na kurudi ni kama mita 800, sehemu kubwa ikiwa ngazi za chuma na za mawe. Huku njia hupangwa kwa madaraja kuanzia la 1, ambalo mwenye kiti cha magurudumu hupita, hadi la 5, ambalo linataka mikono na miguu. Za Dales ziko katikati. Ndiyo maana tunaanza hapa: mwili unaamka, na unaona nani katika kundi ana woga wa kimo, nani ana goti bovu, nani hasikii anapoambiwa asimame. Hayo utayahitaji mchana.

Shuka polepole. Fortescue ndiyo maporomoko pekee ya hifadhi yasiyokauka mwaka mzima. Maji yanashuka kwenye ngazi pana za mwamba mwekundu, kana kwamba zimechongwa na fundi. Watu husimama hapa wakanyamaza.

Ukifika chini usivue nguo. Hili ndilo kosa la kwanza la wengi: saa mbili asubuhi wanaruka majini, halafu siku nzima wanatembea na nguo mbichi na mwili uliokwisha poteza joto. Endelea kama mita 300 hadi Fern Pool.

Fern Pool, kidimbwi ambacho wenyeji Wabanjima hukiita Jubura, ni mahali patakatifu kwao. Mibao inakuomba uingie kwa utulivu, usipige kelele wala kuruka kutoka juu ya maporomoko, na usiingie ukiwa umejipaka dawa za ngozi. Waeleze watoto kabla ya kufika, siyo mkiwa pale. Sisi tuna kaya za Wamijikenda, tuna misitu ya matambiko. Mtoto wa Kiswahili akielezwa kwamba pana wenyewe, anaelewa. Mtini mkubwa umeinamia maji na mara nyingi popo wakubwa wananing'inia juu yake mchana kutwa. Kaeni nusu saa. Kuleni maandazi mbali na maji, mrudishe kila karatasi.

Kama bado mna muda, tembeeni kidogo kwenye sakafu ya korongo kuelekea upande wa Circular Pool, kwa dakika ishirini tu kisha mgeuke. Hapa ndipo pa kufanya mazoezi ya mwamba uliolowa. Mfundishe kila mtu kanuni tatu: mwamba mweusi unaong'aa unateleza, mwekundu mkavu unashika, viungo vitatu viguse mwamba kila wakati, mikono miwili na mguu mmoja, au kinyume chake, na anayehofu akae chini atambae kwa makalio, hakuna aibu.

Onyo. Kwenye baadhi ya kuta utaona mishipa ya buluu yenye nyuzinyuzi. Ni asbesto, madini ambayo vumbi lake huua. Usiiguse, usiikwaruze, usiokote jiwe lake. Kwa sababu hiyo hiyo usiende kabisa mji wa zamani wa Wittenoom wala korongo la Yampire, hata kama simu inakuonyesha njia ya mkato. Mgodi wa asbesto wa Wittenoom ulifungwa 1966, na mwaka 2007 mji huo uliondolewa hadhi ya kuwa mji. Vumbi lake bado linaua.

Umefaulu ikiwa saa nne mko juu kwenye maegesho, mkiwa wakavu, mmekunywa maji, na hakuna anayelalamika. Kama mko bado chini saa nne na nusu, usikimbilie Hancock. Bakini Dales, ogeleeni adhuhuri Fortescue, na Hancock iwe kesho.

## Hatua ya 4: Njiani kwenda Weano

Kutoka Dales hadi eneo la Weano, ambako njia za Hancock na Weano zinaanzia, ni karibu saa moja ya gari. Uliza kituo cha wageni hali ya barabara, kwa sababu kuna njia za vumbi ambazo hukunjakunja kama bati na huharibu matairi. Kama gari lako ni la chini, fuata lami hata kama inazunguka.

Mle chakula cha mchana mapema, saa tano na nusu, na kiwe kidogo. Chapati moja na karanga. Tumbo lililojaa halifai kwa ngazi wala kwa maji baridi.

Hapa vaeni mavazi ya majini. Sweta ziingie kwenye mfuko mkavu. Simu ziingie pia, na zikae humo mpaka mfike sehemu pana. Watu wengi huteleza mkono mmoja ukiwa na simu.

## Hatua ya 5: Dakika tano za uamuzi

Simama juu ya ukingo kabla ya kushuka. Angalia mbingu pande zote, siyo juu yako tu. Kisha uliza maswali manne kwa sauti, kila mtu ayasikie:

1. Kuna wingu zito upande wowote?
2. Kuna ambaye hawezi kusimama kwenye maji ya kifua bila hofu?
3. Kuna anayeumwa, au aliyechoka tangu asubuhi?
4. Tunageuka saa ngapi?

Jibu la la nne ni saa nane kamili. Popote mlipo saa nane, mnageuka, hata kama kidimbwi cha mwisho kiko mita ishirini mbele. Jua likitoka kwenye korongo, joto hushuka haraka sana, na kupanda ukiwa umeganda ni kugumu mara mbili.

Swali la pili naomba lisijibiwe kwa ujasiri wa bandia. Wengi wetu tuliokulia bara hatukufundishwa kuogelea, na si kosa letu. Lakini Hancock ina sehemu ya kupita majini, na kina hubadilika kadiri ya mvua za mwaka. Asiyeogelea anaweza kubaki Oxer Lookout, mwendo mfupi kutoka maegesho, ambako makorongo manne, Weano, Joffre, Hancock na Red, yanakutana. Mandhari ile peke yake inatosha safari. Mmoja abaki naye.

Sababu ya ukali wangu ni hii. Aprili 2004, Jim Regan, mtu wa kujitolea wa kikosi cha uokoaji cha SES, alifariki ndani ya Hancock akiwa anamwokoa mtalii, baada ya mafuriko ya ghafla kuwakuta. Kidimbwi kimoja cha chini kina jina lake, Regans Pool. Wanaokuja kututoa chini ni watu wa kujitolea, nao wanaacha watoto wao nyumbani. Ukishuka bila kujipima, unawapima wao.

## Hatua ya 6: Kushuka Hancock, saa sita

Hancock ni daraja la 5. Umbali ni mfupi, hauzidi kilomita moja na nusu kwenda na kurudi, lakini hesabu saa mbili hadi tatu. Umbali wa huku hauhesabiwi kwa mita.

Njia inashuka kwa mawe yaliyolegea, kisha ngazi ya chuma. Kwenye ngazi geuza uso uangalie mwamba, shuka kinyumenyume, mtu mmoja mmoja. Wa kwanza awe mzoefu, wa mwisho awe mzoefu, watoto na wageni katikati. Aliyefika chini asogee pembeni, kwa sababu vijiwe huanguka.

Mkifika chini, simameni macho yazoee. Kuta ni nyekundu na za rangi ya udongo mbichi, zimepangwa tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu kikubwa, na mwanga wa adhuhuri unaingia kwa kuchuja. Mtu aliyezoea Korongo la Oldupai, pana na kavu, na upepo unavuma, atashangaa. Hapa unanyoosha mikono na karibu unagusa pande zote mbili.

Umefaulu ikiwa kundi lote liko chini kufikia saa sita na nusu, na hakuna aliyeteremka kwa kuburutwa.

## Hatua ya 7: Kupita majini

Baada ya kutembea kidogo, sakafu inaisha na maji yanaanza. Kuna njia mbili: kupita ndani ya maji, au kutambaa kwenye kibaraza chembamba cha mwamba ubavuni. Wengi huona kibaraza ni salama zaidi kwa sababu ni kikavu. Mimi huwaambia wapite majini, maana aliye majini hana pa kuanguka, na aliye kwenye kibaraza akiteleza anaangukia mwamba. Ila kama maji yamezidi kifua cha mtu mfupi zaidi katika kundi, geukeni. Siku ya Hancock imeishia hapo, na Handrail Pool ya Weano iko jirani kwa ziara ya siku nyingine.

Ingia taratibu: miguu, mapaja, tumbo, kisha simama uvute pumzi kwa dakika moja. Maji haya hayapati jua la kutosha, na hata siku ya nyuzi 27 yanaweza kukukata pumzi. Hiyo pumzi inayokatika ndiyo inayozamisha watu. Ikisharudi, songa mbele kwa kuburuta nyayo kwenye sakafu, usizinyanyue.

Onyo. Usiruke wala kupiga mbizi, hapa wala kwenye kidimbwi chochote cha Karijini. Miamba iko chini ya maji usipoiona, na kuumia uti wa mgongo ndani ya korongo ni saa nyingi za kungoja machela.

Mkitoka upande wa pili mtaingia kwenye ukumbi mpana unaoitwa Amphitheatre. Hapa pumzikeni. Toeni simu sasa. Aliyetetemeka avue fulana mbichi, avae sweta, ale tende tatu. Usimwambie "utapata joto ukitembea". Mtu anayetetemeka anasema ukweli wa mwili wake.

## Hatua ya 8: Njia ya buibui na kidimbwi cha mwisho

Mbele ya ukumbi korongo linabana mpaka linabaki upana wa mlango, maji yakitiririka katikati. Panaitwa Spider Walk. Unapita kwa kuweka mkono na mguu wa kulia kwenye ukuta wa kulia, wa kushoto kwenye wa kushoto, na kusogea kama buibui maji yakipita chini yako.

Siri iko kwenye miguu, siyo mikono. Sukuma kuta kwa nyayo nzima, siyo kwa vidole, na usikimbize hatua. Mtu mfupi ambaye miguu haifiki pande zote apite chini, ndani ya mkondo, akishika ukuta mmoja kwa mikono miwili. Ni baridi lakini ni salama. Mkoba upitishwe mkono kwa mkono.

Mwisho wake ni Kermits Pool, kidimbwi cha kijani kilichozungukwa na kuta laini. Ndipo pa kuishia. Mbele ya hapo ni kamba, na haparuhusiwi bila kiongozi mwenye kibali. Nimeona vijana wakichungulia ng'ambo ya mnyororo na kusema ni hatua tatu tu. Hizo hatua tatu unaziteremka kwa kuteleza, na huwezi kuzipanda kurudi.

Umefaulu ikiwa mmekaa Kermits Pool kwa dakika ishirini, hakuna aliye bluu midomoni, na saa bado haijafika nane.

## Hatua ya 9: Kupanda na kurudi

Ajali nyingi nilizozishuhudia zilitokea wakati wa kurudi. Viatu vimelowa, miguu imechoka, akili iko kwenye chai. Rudini kwa mpangilio ule ule, mzoefu mbele na mzoefu nyuma. Kabla ya ngazi ya chuma kila mtu akung'ute maji viatuni na kukausha viganja.

Mkifika juu vueni vya majini mara moja, vaeni vikavu, ndipo mfungue chupa ya chai. Nendeni Oxer Lookout mkiwa na vikombe mkononi, mkatazame kutoka juu mahali mlipokuwa.

Mwisho wa kuondoka ni saa tisa na nusu. Kangaruu hutoka kando ya barabara jua likishuka, na ng'ombe wa mashamba ya jirani hulala kwenye lami. Saa kumi na nusu mko kambini.

## Wenye watoto wadogo

Kwa mtoto wa chini ya miaka minane mimi simpeleki Hancock, hata akiwa mwepesi wa kupanda. Tatizo lake si miguu, ni mwili mdogo unaopoa haraka. Badala yake mpelekeni Kalamina, korongo la upole lenye sakafu pana na maji kidogo, mkichunguza kwanza kama gari lenu linaiweza barabara yake ya vumbi. Au bakini Dales siku nzima. Watoto hawachoki na ngazi za Fortescue.

## Mambo yakiharibika

Maji yakibadilika. Yakianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, majani na vijiti vikaanza kuelea, au ukasikia mngurumo, usikimbie kufuata korongo. Panda juu ubavuni hapo hapo ulipo, juu kadiri unavyoweza, na ukae. Acha mikoba.

Mtu akiteleza na kuumia. Mkalishe pakavu, mvishe vyote vya joto, mfunike blanketi. Wawili wapande kuomba msaada, mmoja abaki. Washa kifaa cha setilaiti mahali panapoonekana anga pana. Chini ya kuta ishara haitoki vizuri. Penye mtandao namba ni 000. Usimbebe mwenye jeraha la shingo au mgongo.

Nyoka akiuma. Hapa ndipo bendeji pana zinapohitajika. Funga kwa kubana kuanzia penye jeraha, kisha zungusha kiungo chote, mkono au mguu mzima, mbano kama wa teguko. Funga na kijiti asikikunje, na mgonjwa asitembee hata hatua moja. Usioshe jeraha, usilichanje, usilinyonye. Wauguzi wanaweza kuitumia sumu iliyobaki kwenye ngozi kutambua nyoka.

Baridi ikimzidi mtu. Dalili ni ulimi mzito, vidole kutoshika, kujikwaa. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, hali imekuwa mbaya zaidi, siyo nzuri. Vikavu, sukari, na miili miwili imkumbatie huku na huku. Chai ya moto apewe tu akiwa anameza vizuri.

## Jioni kambini

Viatu vianikwe juu ya kamba au ndani ya gari, visiachwe mlangoni mwa hema. Dingo, mbwa wa porini wa Australia, hupita usiku na huchukua. Chakula chote kifungiwe garini, na usiwatupie hata kipande.

Kagua nyayo na vifundo vya miguu vya kila mtu kwa tochi. Nyasi za spinifeksi za juu ya ukingo zina ncha kama sindano, zinavunjikia ndani ya ngozi bila kuumiza siku hiyo, na kesho yake panavimba. Zitoe kwa kibanio mapema.

Na kabla hujaweka sufuria jikoni, nenda kwa jirani uliyemwachia kikaratasi umwambie mmerudi wote. Mchukulie na chapati mbili.